Nilivyoulizwa Habari Zangu Mwenyewe

Leo nimejiharibia. Sikusingiziwa. Sikurogwa. Nimejiharibia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, mchana kweupe, tepu ya kupimia ikiwa shingoni.

Ngoja niwasimulie mimi mwenyewe kabla habari haijawafikia ikiwa imetiwa chumvi (itawafikia tu, huu ni mji wa Tukuyu).

Nianze na siri mbili, maana bila hizo hamtaelewa ukubwa wa msiba.

Siri ya kwanza: wale mnaoniuliza kila mara "vipi, umepata kazi?", jibu ni hapana. Shahada yangu ya takwimu iko kabatini, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni (unyevu wa huku hauheshimu elimu). Wiki ya tatu sasa nashinda kwa Bi Zuhura, fundi cherehani karibu na soko. Nashona vifungo, napinda pindo, napima wateja. Nyumbani Ibighi nimesema naenda mjini kufuatilia mambo. Hakuna aliyeuliza mambo gani. Nadhani wananihurumia.

Siri ya pili inaitwa Ipyana.

Ipyana ni bwana mifugo. Kwao ni Ikuti, anazunguka na pikipiki kutibu ng'ombe wa maziwa wa watu. Sisi tuna ng'ombe mmoja, Tabu. Mara ya kwanza Ipyana alikuja kwa sababu Tabu alikuwa mgonjwa kweli. Mara zilizofuata... jamani, Tabu ndiye ng'ombe mwenye afya kuliko wote wilaya nzima ya Rungwe, na ndiye aliyepimwa kuliko wote. Mimi ndiye ninayepiga simu. "Naona kama anatafuna upande mmoja." "Naona kama ana huzuni." Na yeye anakuja! Anavaa mabuti, ananawa taratibu mpaka kwenye viwiko, anamshika Tabu sikio, anasema, "Tutaona." Basi. Neno hilo moja nalitafuna hadi atakaporudi. Tutaona nini? Nani na nani wataona?

Karibu mwaka mzima tumeongea habari za ng'ombe. Hajawahi kusema kitu kingine. Mimi pia sijawahi. Akiwasha pikipiki kuondoka, nabaki nimeshika ndoo tupu hadi mlio upotelee kwenye migomba, halafu nakumbuka sina kazi na hiyo ndoo.

Sasa leo.

Manyunyu tangu asubuhi, na ile baridi yetu inayoingia hadi kwenye mifupa. Adhuhuri Bi Zuhura alifunika cherehani kwa kanga, akasema, "Naenda kuswali. Duka lako, msomi." Nikabaki na mteja mmoja tu, Mama Suma, muuza ndizi sokoni, amekaa kwenye benchi akisubiri nibadilishe zipu ya sketi yake. Mama Suma ananijua tangu nina kamasi.

Akaingia mama mmoja mrefu, sweta la kijani, kitenge kipya kwapani.

"Bi Zuhura yupo?"

"Shikamoo mama. Ameenda kuswali, anarudi sasa hivi."

"Marahaba. Wewe ni wa hapa?"

"Ndiyo mama." (Sikudanganya. Nilikuwa hapo.)

"Haya, nipime. Nataka gauni."

Nikaanza na bega. Nikaandika kwenye daftari. Nikaenda kifuani. Nikaandika. Ndipo mama akashusha sauti.

"Nyie mafundi mnawajua watu. Mtu akishainua mikono apimwe, anasema yote."

Nikaelewa palepale. Kwa wasio wa huku: familia ikimpenda binti, haimwendei binti. Inaulizia kwanza. Kimya kimya, kwa majirani, kanisani, sokoni. Na anayeulizia hafiki bila sababu. Anakuja kununua kitu, kuazima kitu, kushonesha kitu. Kile kitenge kilikuwa kisingizio. Nilifurahi hata! Wiki tatu za vifungo, hatimaye umbea wenye hadhi.

"Kuna binti huko Ibighi," akasema. "Ni mpwa wa Bupe. Anaitwa Sekela. Unamjua?"

Sekela ni mimi.

Nilisikia benchi likilia. Mama Suma alikuwa ameinua kichwa.

Mtu wa kawaida hapo angesema, "Ndiye mimi, mama." Maneno matatu. Lakini kichwa changu kiliitisha kikao. Nikisema ni mimi, mama wa watu ataaibika. Akiaibika ataondoka. Akiondoka sitajua ametumwa na nani. Na mimi nilitaka kujua ametumwa na nani kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kwa sababu kulikuwa na jina moja tu nililokuwa naliombea, na kama halikuwa hilo, basi nisingependa kuulizwa kabisa.

"Namjua," nikasema. "Kidogo."

"Basi sikiliza. Mimi natoka Ikuti. Mwanangu ni bwana mifugo, Ipyana. Kila wiki yuko Ibighi. Nikamwuliza, mwanangu, huyo ng'ombe wa Ibighi ana ugonjwa gani usiopona wala usioua? Akawasha pikipiki. Juzi tuko jikoni namenya ndizi, nikamwuliza tena. Akasema, 'Mama, kuna Sekela.' Akatoka nje."

Kuna Sekela.

Wakati huo nilikuwa kiunoni. Nikaandika kitu kwenye daftari, sikuona nimeandika nini. Mwaka mzima nasubiri neno moja ambalo si la ng'ombe, na sasa yamekuja mawili, kupitia kwa mama yake, na wala hayakutumwa kwangu. Kuna Sekela. Nipo! Nilitaka kupiga kelele kwamba nipo. Nilitaka kumkumbatia yule mama, na kusema kweli nilikuwa nimeshamkumbatia, tepu ilikuwa imemzunguka na mimi nimeshika ncha zote mbili.

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Nilifungua kabisa mdomo. Lakini mama alikuwa ameshika kasi.

"Nimeuliza watu watatu. Nimeanza na mwalimu wa kwaya yao. Ananiambia, 'Binti mzuri, ana shahada lakini anamenya ndizi kwa kisu butu bila kununa.' Nikasema vizuri. Nikaenda kwa karani anayepima majani ya chai. Ananiambia, 'Binti mzuri, anamenya ndizi kwa kisu butu bila kununa.' Nikaenda kwa mama wa kituo cha maziwa. Naye, kisu butu, bila kununa! Mwee! Watu watatu, kisu kimoja!"

"Labda ni kweli, mama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Nikawauliza mmoja mmoja, umemwona kwa macho yako? Hapana, nimeambiwa. Na nani? Na Bupe. Bupe anaimba kwaya. Bupe anauza chai. Bupe anapeleka maziwa. Kumbe sijauliza watu watatu mimi. Nimemwuliza Bupe mara tatu!"

(Miaka mitatu chuoni nilisomea jambo hili hili. Mhadhiri alitumia muhula mzima, ubao mzima, na bado nusu ya darasa tulirudia mtihani. Mama wa Ikuti amelimaliza akiwa amenyoosha mikono apimwe.)

(Na kuhusu kisu: ilikuwa siku moja tu, kisu kizuri kilikuwa kimepotea. Na nilinuna. Nilikuwa nimegeukia ukutani, Shangazi Bupe hakuona.)

"Ndiyo nikasema, nitafute mtu ambaye Bupe hamfikii. Asiwe wa kwaya, asiwe wa chai, asiwe wa maziwa, asiwe wa ukoo. Nikamkumbuka fundi, Mwislamu, yuko mjini, hana sababu ya kumpamba mtu. Sasa wewe binti wa Bi Zuhura, nakuomba kama mwanangu, niambie ukweli."

Binti wa Bi Zuhura! Mama Suma alikohoa kikohozi cha kuzuia kitu kingine. Akaninyooshea mguu wake, akanigonga kisigino. Nilielewa alichotaka kusema. Nilielewa kabisa. Lakini kikao kichwani kilikuwa bado kinaendelea.

Hoja yangu ilikuwa hivi, na naomba muisikilize kwa makini kabla ya kunihukumu. Nikimsifia Sekela moja kwa moja, mama atasema Bupe amefika hadi hapa. Hataniamini. Shahidi wa kuaminika hasemi mazuri matupu. Anachanganya. Kwa hiyo niseme mema, halafu niweke kasoro moja. Ndogo. Ya kuonyesha kwamba sijapangwa.

"Ni binti mzuri," nikasema. "Ana heshima. Ila ana mawazo mengi."

"Mawazo ya nini?"

"Ya kila kitu."

"Kila kitu kama nini?"

"Anaweza kusalimiwa na mtu asubuhi, akawaza mpaka jioni kwa nini amesalimiwa vile."

Mama akageuka, tepu ikageuka naye. "Anaumwa?"

"Hapana mama! Mzima kabisa! Ni vile tu halali vizuri." (Nani aliniuliza usingizi? Nani?!)

"Halali."

"Analala! Ila akianza kuandika ujumbe kwenye simu, anaandika, anafuta, anaandika, anafuta, anaongeza 'daktari', anatoa..." Nikajiuma ulimi. "Anafuta."

"Anamwandikia nani?"

Nikanyamaza. Na kuna kunyamaza ambako ni sawa na kupiga tarumbeta.

"Ana mtu," akasema mama. Hakuwa anauliza.

Naombeni mnielewe hapa. Ningeweza kusema hana. Lakini hilo neno halikutoka. Mwaka mzima sijamwambia mtu yeyote, si mama yangu, si shangazi, si nyie. Na sasa alikuwepo mtu ananiuliza kwa sauti ya upole, asiyejua kwamba ni mimi, na mimi nimeinama nashika tepu kwa hiyo hanioni macho. Nani angeniuliza tena hivyo?

"Yupo mtu, mama."

"Anampenda?"

"Sana."

"Muda mrefu?"

"Karibu mwaka. Akisikia pikipiki inapanda mlima anatoka nje, hata kama ni ya muuza dagaa. Anajua kabisa ni ya muuza dagaa. Anatoka tu. Na hajamwambia. Anaogopa akisema na asijibiwe, hata zile siku za kumwona zitakwisha. Afadhali azione hizo hizo."

Mama Suma alikuwa ameacha kukohoa.

"Kumbe ni bodaboda," akasema mama.

"Siyo bodaboda, mama..."

"Usimtetee rafiki yako." Akashusha mikono yake taratibu, kama mtu aliyechoka ghafla. "Maskini mwanangu. Amechelewa. Unajua, tangu baba yake afariki, hajawahi kunitajia mtu. Anakula, anakwenda kwenye ng'ombe za watu, anarudi, analala. Miaka minne. Hiyo juzi ndiyo mara ya kwanza nasikia anataja jina la mtu nyumbani. Nikasema ngoja nijikaze, niulize vizuri, nisimharibie."

Nilikuwa nimeshaanza kusema, "Mama, hajachelewa," nimeshafika "Mama, haja...", ndipo mlango ukafunguka na Bi Zuhura akaingia, anakung'uta mwavuli, furaha tele.

"Sekela mwanangu! Umeshampima mgeni nyonga? Maana gauni la mteja wa wiki jana lilibana, mama wa watu akashindwa kukaa kanisani!"

Sikuinua kichwa. Niliona viatu tu. Viatu vya mama vilirudi nyuma hatua moja, tepu ikamvuta, akasimama.

"Sekela yupi?"

"Si huyu hapa! Wa Ibighi. Mpwa wa Bupe. Msomi wangu."

Jamani. Ardhi ya Tukuyu ina historia ya volkano. Leo ilikuwa na nafasi ya kufanya kitu. Haikufanya.

"Asiyelala," mama akasema polepole, "ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Anayewaza hadi jioni amesalimiwaje?"

"Ni mimi."

"Na huyo mwanaume. Ni nani?"

Nilifungua mdomo ikatoka hewa. Mama ananitazama. Mama Suma amesimama kabisa, zipu ameisahau. Na Bi Zuhura, ambaye haelewi chochote na anataka tu kazi iende, akachukua daftari mezani, akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Haya tuone. Bega kumi na sita. Kifua arobaini na mbili. Kiuno..." Akalisogeza daftari karibu na macho. "Kiuno Ipyana?"

Mama Suma alipiga makofi. Kweli kabisa, alipiga makofi, halafu akajiziba mdomo.

"Kiuno Ipyana ni ngapi?" Bi Zuhura akauliza. "Sekela, hiki ni kipimo gani?"

Mama wa Ipyana aliitoa tepu kiunoni mwake mwenyewe, akaikunja vizuri, akaniwekea mkononi, akanifunga vidole juu yake. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Nimeuliza watu wanne," akasema. "Watatu wamekusifu, sikuwaamini. Wa nne amekuponda, nikamwamini moja kwa moja. Sasa naambiwa wa nne ni wewe."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Mimi nimekuja kutafuta ukweli." Akaokota kitenge chake. "Nitauliza tena. Safari hii nitauliza watu wasiokujua."

"Na gauni?" Bi Zuhura akaita.

"Litasubiri."

Mlangoni akageuka, akaniangalia kuanzia viatu hadi nywele. "Ndaga," akasema, asante ya kwetu, na mdomo wake ukacheza kidogo upande mmoja. Halafu akaingia kwenye manyunyu.

Tabasamu? Au ni baridi? Nimelifikiria hilo kwa saa tatu. Nimesimama mbele ya kioo cha kujaribia nguo nikachezesha mdomo wangu hivyo hivyo, mara ya kufurahi, mara ya kusikia baridi. Havitofautiani.

Nilimgeukia Mama Suma. "Mama Suma, kwa nini hukusema kitu?"

"Nimekugonga kisigino!"

"Si ungesema!"

"Mwanangu, nilidhani ndivyo mnavyofanyaga nyie mliosoma."

Haikupita saa moja, Shangazi Bupe akapiga simu. Sauti ya siri, anapumua kwa kasi.

"Sekela, uko mjini? Nasikia kuna binti hapo kwa fundi amejisengenya mwenyewe mbele ya mama mkwe. Hebu ulizia ni nani, maana huku kwenye chai hawajui jina."

Nikamwambia nitaulizia.

Baadaye akapiga mwalimu wa kwaya. Kisha mama wa kituo cha maziwa. Kila mmoja ana habari mpya, kila mmoja anataka jina, na kila mmoja amesikia kwa Bupe.

Ipyana hajapiga. Labda hajui. Labda anajua na yuko kwenye zizi la mtu huko, ananawa mikono hadi kwenye viwiko, anawaza aseme nini. Labda mama yake amefika nyumbani akamwambia, mwanangu, yule siyo. Nimeshika simu tangu saa nane. Siwezi kumpigia. Ningesema nini? Kwa mara ya kwanza sina ugonjwa wa kusingizia.

Lakini nawaambia kitu kimoja, halafu niwaache mkapike. Aibu ya leo naijua, itanifuata hadi uzeeni. Ila huko Ikuti, jikoni, wakati ndizi zinamenywa, kuna mtu ambaye hajawahi kutaja jina la mtu, akaulizwa, akataja langu. Nimekaa hapa nyuma ya cherehani tangu mchana, nashona kifungo kimoja, nakifumua, nakishona tena, na kila sindano ikipita nasikia hilo.

Msicheke, tafadhali. Na kama mama mmoja mrefu mwenye sweta la kijani atawafuata na kuulizia binti wa Ibighi, semeni hamnijui kabisa. Halafu nisifieni.